Eleanor Hibbert, mwanamke wa majina manane: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Aliyenunua kitabu chakavu cha Victoria Holt kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, kisha akaazima cha Jean Plaidy maktabani, amekwisha kutana na mtu huyu mara mbili bila kujua. Haya hapa chini ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi kila nikimtaja mbele ya wasomaji wenzangu. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu yana utamu wake. Mengine ni ya sentensi mbili na kupita.

Victoria Holt na Jean Plaidy ni mtu mmoja kweli?

Ndiyo, na Philippa Carr naye ni huyohuyo. Nyuma ya majina hayo matatu alikaa Eleanor Alice Hibbert, Mwingereza aliyezaliwa London tarehe 1 Septemba 1906 na kufariki Januari 1993. Aliandika vitabu zaidi ya 200, vikauzwa nakala zaidi ya milioni 100 na kutafsiriwa katika lugha 20. Pamoja na wingi wote huo, jina lake la ndoa, aliloitwa na majirani na mtu wa posta, hakuliweka kwenye majalada ya riwaya zake.

Kwa jumla alitumia majina mangapi?

Manane. La kwanza, Eleanor Burford, lilikuwa lake la kabla ya kuolewa. Jean Plaidy likaja mwaka 1945, Elbur Ford mwaka 1950, Kathleen Kellow mwaka 1952, Ellalice Tate mwaka 1956, Anna Percival na Victoria Holt yote mwaka 1960, na mwishowe Philippa Carr mwaka 1972.

Ukiyatazama kwa makini utaona hakuyaokota hewani. Elbur Ford ni Eleanor Burford lililokatwa na kuungwa upya. Ellalice Tate ni mama yake, aliyeitwa Alice Tate alipokuwa msichana. Percival lilikuwa jina la katikati la mumewe. Plaidy ni ufuo wa bahari, na Holt ni benki. Hayo mawili nitayarudia.

Alitoka katika familia ya aina gani?

Alizaliwa Canning Town, mashariki mwa London, siku zile eneo la gati na makuli, mbali kabisa na majumba ya kifahari yaliyojaa katika riwaya zake. Baba yake, Joseph Burford, alikuwa mtu wa vibarua, leo hiki kesho kile. Lakini alipenda vitabu, na mapenzi hayo yakamwingia binti. Mtoto hakuwa na afya nzuri, kwa hiyo sehemu ya masomo yake aliyapata nyumbani, na inaelezwa kwamba akiwa na miaka minne tayari alikuwa anasoma. Alipofika 16 akaingia chuo cha biashara kujifunza kupiga chapa, hati mkato na lugha za kigeni.

Kazi zake za mwanzo zinanivutia kuliko za waandishi wengi. Alifanya kazi Hatton Garden, mtaa wa masonara, akipima uzito wa vito na kupiga chapa barua. Kisha akawa mkalimani wa Kifaransa na Kijerumani katika mkahawa wa katikati ya jiji uliopokea watalii. Nusu karne baadaye jiwe la opali likawa roho ya The Pride of the Peacock, na opali nyingine nyeusi ikaipa jina mojawapo ya riwaya zake za mwisho. Sisemi kwamba mawe hayo alianza kuyaota Hatton Garden, ila mtu aliyewahi kushika vito kwa vidole vyake huviandika tofauti na aliyevisoma tu.

Mume wake alikuwa nani?

George Percival Hibbert, mfanyabiashara wa ngozi kwa jumla, aliyemzidi umri kwa miaka ipatayo 20. Naye alikuwa mpenzi wa vitabu. Eleanor mwenyewe alikuja kueleza kwamba ndoa ndiyo iliyompa uhuru wa kufuata hamu aliyokuwa nayo tangu utotoni, akaanza kuandika kwa dhati. Mume alifariki miaka ya 1960, wakati jina la Victoria Holt limekwisha kushika chati.

Ni kweli riwaya zake tisa za mwanzo zilikataliwa?

Ni kweli, na hapa ndipo ninapopenda mtu akae kidogo kabla ya kwenda mbele.

Katika miaka ya 1930 aliandika riwaya ndefu tisa kuhusu maisha ya watu wa siku zake. Zilikuwa kazi nzito, za mtu aliyelishwa Dickens, George Eliot, Victor Hugo, Tolstoy na akina dada Brontë. Zote zilirudi. Mtu anayejua jasho la kumaliza mswada mmoja, na aupime mwenyewe uzito wa bahasha tisa zinazorudi mlangoni.

Wakati huohuo hadithi zake fupi zilikuwa zikikubaliwa magazetini, Daily Mail na Evening News yakiwamo. Mhariri wa fasihi wa Daily Mail akamwambia wazi kwamba anabisha hodi mlango usio wake: aandike kitu kinachouzika, na njia iliyo nyepesi ni riwaya za mapenzi.

Wengine wangenuna. Yeye alikwenda akasoma riwaya 20 za mapenzi, mfululizo, kama fundi anayefungua saa za mafundi wenzake aone zinavyokwenda. Kisha akaandika ya kwake. Daughter of Anna ilitoka mwaka 1941 katika kampuni ya Herbert Jenkins, kwa jina la Eleanor Burford. Malipo ya awali yalikuwa pauni 30. Haikuwa pesa ya kumhamisha mtu nyumba, hata kwa thamani ya wakati ule, lakini iliandamana na mkataba wa kuandika kitabu kila mwaka. Uingereza ilikuwa vitani, karatasi ni ya mgao, na bado watu walitaka kitu cha kusoma usiku taa zikiwa zimezibwa.

Nikiulizwa maisha yake yaligeuka wapi, jibu langu ni hapo kwenye zile riwaya 20, hata kabla ya Victoria Holt kuzaliwa. Aliyakubali maneno ya mhariri bila kuidharau kazi aliyoelekezwa, na wengi hukwama hasa kwenye hilo la pili.

Kwa hiyo alipata kuandikia Mills & Boon?

Alipata. Kati ya 1956 na 1962 aliwaandikia riwaya 10 kwa jina la Eleanor Burford. Kwa sisi tulioijua kampuni hiyo ya riwaya za mapenzi bwenini, tochi chini ya shuka na mlinzi akipita nje, inashangaza kidogo kwamba kwake hiyo ilikuwa kazi ya pembeni. Miaka hiyohiyo Jean Plaidy alikuwa akishughulika na wafalme, na Kathleen Kellow akitoa hadithi za uhalifu.

Kwa nini asitumie jina moja tu?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na wengi huuliza wakiwa na jibu tayari: aibu, au siri. Riwaya za mapenzi zilidharauliwa, ni kweli, lakini dharau peke yake haielezi majina manane.

Tuanze na wachapishaji. Aliyegharamia kulijenga jina la mwandishi hataki kuliona kwenye kitabu cha mshindani. Herbert Jenkins walikuwa na Burford wao. Robert Hale walikuwa na Plaidy, na Kellow pia. Hodder & Stoughton walipewa Ellalice Tate, Collins wakapata Holt na baadaye Carr. Karibu kila mchapishaji na Eleanor wake.

Kuna suala la kasi pia. Mtu anayemaliza vitabu vitatu au vinne kwa mwaka, akiviweka vyote chini ya jina moja, atawachosha wauza vitabu na kuwapa wakosoaji neno la kusema, kwamba vimelipuliwa. Akivigawa, kila jina linaonekana kufanya kazi kwa mwendo wa binadamu.

Lakini sababu ninayoiona kubwa ni ya msomaji. Jina la mwandishi wa riwaya pendwa ni kama kibao cha duka. Anayeingia kwa Victoria Holt anataka jumba lenye siri, msichana asiye na wazazi, bwana mwenye nyumba anayetia shaka, na mwisho atoke roho imetulia. Akikuta humo muuaji wa sumu wa Elbur Ford, au malkia wa Plaidy anayepandishwa jukwaani kukatwa kichwa, atajiona ametapeliwa. Majina yalimwambia mnunuzi kilichomo ndani kabla hajafungua.

Sisi wenyewe lakabu hatuzishangai. Msomaji wa mashairi aliyemzoea Sauti ya Kiza hakuhitaji kwanza kukumbushwa kwamba ni Amiri Andanenga ndipo beti zimwingie. Tofauti ni kwamba malenga wetu huchukua lakabu moja akajulikana nayo, na bibi huyu alikuwa na ghala zima.

Jina la Jean Plaidy lilitoka wapi?

Plaidy ni ufuo mdogo karibu na mji wa Looe, Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili akina Hibbert waliishi huko katika nyumba inayotazama bahari. Jean lilitokana na ushauri wa wakala wake, kwa sababu isiyo na ushairi wowote: ni fupi, halijazi nafasi kwenye mgongo wa kitabu.

Together They Ride ndiyo ya kwanza kwa jina hilo, mwaka 1945. Kilichomfungulia njia hasa ni Beyond the Blue Mountains, kitabu kilichokataliwa na wachapishaji kadhaa mpaka Robert Hale akakikubali na kumwandikia wakala maneno ya kumtabiria mwandishi huyo makubwa. Utabiri ulitimia. Plaidy peke yake ana vitabu vipatavyo 90.

Vitabu vya Plaidy ni historia au ni mapenzi?

Ni historia iliyoandikwa na mtu anayejua kwamba ndoa za wafalme zilikuwa mambo ya dola. Henry VIII na wake zake, Catherine de Medici, Lucrezia Borgia, Isabella wa Hispania, Mary wa Uskoti, ukoo wa Plantagenet, wale George wanne, Malkia Victoria: wote aliwapitia, mara nyingi kwa mfululizo wa vitabu vitatu, vitano au zaidi. Murder Most Royal ya mwaka 1949 inawafuata Anne Boleyn na Catherine Howard, mabinamu wawili walioolewa na mume mmoja na kuuawa kwa amri yake. Mapenzi yamo tele, ila historia haimruhusu mwandishi kuyamaliza vizuri.

Mwishoni mwa vitabu hivi huweka orodha ya vitabu alivyotumia, jambo ambalo waandishi wengi wa riwaya hawajisumbui nalo. Orodha hiyo ndiyo nguvu yake na ndiyo udhaifu wake pia. Aliwategemea sana wanahistoria wa karne ya 19 kama Agnes Strickland na James Anthony Froude, kwa hiyo pale walipokosea wao, naye amekosea. Ukimsoma kujiandaa na mtihani, umejitakia. Ukimsoma ili hatimaye uelewe nani alikuwa shangazi ya nani na kwa nini jambo hilo lilimwaga damu, sijaona wa kumfikia.

Na hao Elbur Ford, Kathleen Kellow, Ellalice Tate na Anna Percival?

Ford aliandika riwaya zilizojengwa juu ya kesi za kweli za mauaji za karne ya 19, kama ile ya Adelaide Bartlett wa Pimlico, iliyoitikisa London mwaka 1886. Kellow aliandika uhalifu na mafumbo, Tate riwaya za kihistoria. Percival alitoa kitabu kimoja tu, The Brides of Lanlory, akanyamaza. Ni majina ya watafutaji; usipoyapata usihuzunike.

Victoria Holt alianzaje?

Wakala wake Patricia Schartle Myrer alimshauri ajaribu riwaya ya mapenzi yenye hofu ndani yake, ile iitwayo gothiki. Matokeo ni Mistress of Mellyn, iliyotolewa mwaka 1960 na Doubleday kule Marekani na Collins kwa Uingereza.

Martha Leigh, binti wa heshima asiye na mali, anapelekwa Cornwall kuwa mwalimu wa nyumbani wa mtoto mmoja msumbufu, Alvean. Walimu watatu wamekwisha kupita kabla yake. Mke wa bwana wa nyumba, Alice, inasemekana alikufa katika ajali ya treni akitoroka na mwanamume mwingine. Lakini jumba lenyewe linasema mengine, na Martha si mtu wa kufumba macho. Zaidi ya hapo sisemi, maana wapo watakaokisoma.

Kitabu kikalipuka. Mwandishi alikuwa na miaka 53, vitabu vingi nyuma yake, na kwa umma alikuwa mgeni kabisa aliyetokea jana. Victoria alilichagua kwa sababu lina mlio wa kifalme. Holt lilikuwa jina la benki ya wanajeshi aliyoweka akiba yake. Sijui mwandishi mwingine aliyetoa jina kwenye kitabu cha hundi, na ukifikiria mapato yaliyofuata, lilimfaa.

Kwa jina hilo aliandika riwaya 32. Ukikaa nazo utaona Plaidy na Holt wanafanya kazi kinyume. Plaidy anajua mwisho kabla ya kuanza, na msomaji naye anaujua: Anne Boleyn atakufa, hakuna ujanja. Holt yuko huru. Anaweza kumtia mwanamke katika hatari ya kila aina na bado akamwokoa. Huwa najiuliza kama miaka 15 ya kuwafuata malkia hadi kaburini ndiyo iliyomfanya atamani, hatimaye, wanawake anaoweza kuwaachia wapone.

Riwaya ya gothiki ni nini hasa?

Ni hadithi ya mapenzi na hofu ndani ya nyumba kubwa ya zamani, ambamo mtu wa kupendwa na mtu wa kuogopwa huenda akawa ni mmoja. Mzizi wake ni karne ya 18, Charlotte Brontë akaupa sura ya mwalimu wa nyumbani katika Jane Eyre mwaka 1847, kisha ukalala. Mistress of Mellyn iliuamsha. Miaka ya 1960 na 1970 maduka ya Marekani yalijaa vitabu vya jalada jepesi vyenye picha ileile: mwanamke mwenye gauni refu anakimbia usiku, nyuma yake jumba, na dirisha moja tu lina taa. Ukiona picha hiyo kwenye kitabu cha mitumba, umekwisha kujua kilichomo.

Kwa nini watu walidhani Victoria Holt ni Daphne du Maurier?

Kwa sababu ya Cornwall. Du Maurier aliishi huko na alikwisha kuiandika kwa umahiri katika Rebecca, mwaka 1938, hadithi nyingine ya jumba, mke aliyekufa na mwanamke mgeni. Wachapishaji wa Holt hawakutangaza mwandishi ni nani, wasomaji wakaona bahari ileile na ukungu uleule, wakajumlisha. Walikosea, ingawa kwa mwandishi wa kitabu cha kwanza, au kilichodhaniwa cha kwanza, kufananishwa na du Maurier ni sifa ambayo hainunuliwi.

Philippa Carr anatofautianaje na hao wawili?

Anasimama katikati yao. Mwaka 1972 alianza na The Miracle at St. Bruno's, wakati Henry VIII akizivunja nyumba za watawa: mtoto mchanga anakutwa katika hori la Krismasi, na watawa wanasema ni muujiza. Kutoka hapo mfululizo unashuka kwa mabinti. Mama anasimulia, kisha binti yake, kisha binti wa binti, hadi unafika Vita Kuu ya Pili. Watu wa Carr ni wa kubuni kama wa Holt, ila historia inawapitia juu ya migongo yao kama ilivyo kwa Plaidy. Vimefika vitabu vipatavyo 20, na kwa maoni yangu vya kwanza vinne vitano vinashinda vilivyofuata kwa mbali.

Aliwezaje kuandika vitabu 200?

Kwa kuketi. Alianza kazi asubuhi na mapema, siku saba za wiki, kwa saa zipatazo tano mbele ya taipureta, na hadi wakati wa chakula cha mchana alikuwa na maneno 5,000. Piga hesabu: riwaya ya maneno 100,000 inahitaji siku 20 za namna hiyo. Mchana ulikuwa wa kusahihisha, kufanya utafiti na kujibu barua za wasomaji, ambazo alizijibu mwenyewe. Jioni alipenda kucheza sataranji.

Utafiti ndio usioonekana katika hesabu hiyo. Maktaba kuu ya Kensington ilimpa ruhusa maalumu kwa sababu ya wingi wa vitabu alivyohitaji. Na alisafiri. Kila majira ya baridi aliikimbia London kwa meli ya kitalii, miezi kama mitatu, akipita Misri, akifika hata Australia. Safari hizo zinaonekana wazi katika vitabu: The Shadow of the Lynx ya mwaka 1971 ina migodi ya dhahabu ya Australia, The Curse of the Kings ya mwaka 1973 ina makaburi ya mafarao.

Anayeniambia kwamba mtu wa kasi hiyo hawezi kuandika vizuri, humwambia asome kurasa kumi za mwanzo za Mellyn kisha arudi. Anayeniambia vitabu vyote 200 ni vizuri, simwamini vilevile. Baada ya Holt wa ishirini hivi, unaanza kumtambua mhalifu kwa namna anavyomimina chai.

Alitajirika?

Ndiyo. Alinunua nyumba ya kale ya karne ya 13 huko Sandwich, Kent, akaiita King's Lodging kwa kuamini kwamba Henry VIII na Elizabeth I waliwahi kulala humo. Ilikuwa na ngazi na meko ya kuchongwa ya enzi za Tudor. Akaikarabati kwa gharama kubwa, kisha akagundua ni kubwa mno kwake na iko mbali na London, akaiuza. Mtu aliyetajirika kwa kuandika majumba ya kale alishindwa kuishi katika moja. Makazi yake ya kudumu yakawa ya ghorofa ya juu Kensington, mkabala na ukumbi wa Royal Albert Hall, akiitazama bustani ya Hyde Park.

Wakosoaji walimwonaje?

Mara nyingi hawakumwona. Magazeti makubwa yalihakiki vitabu vya aina yake kwa aya moja, kama yalihakiki. Waandishi wenzake wa mapenzi walimheshimu zaidi: mwaka 1989 chama cha waandishi wa mapenzi cha Marekani kilimpa tuzo ya heshima kwa mchango wake wa maisha yote. Yeye alisema waziwazi kwamba anawaandika wanawake wenye msimamo, wanaopigania uhai na uhuru wao. Ni kweli: mashujaa wake hufanya kazi, huhesabu pesa zao, na huuliza maswali pale wanapoambiwa wanyamaze. Kwa riwaya za mwaka 1960 hilo halikuwa dogo.

Ni yeye peke yake aliyefanya hivi Uingereza?

Hata kidogo. Agatha Christie aliandika riwaya sita zisizo za upelelezi kwa jina la Mary Westmacott, kuanzia mwaka 1930, na siri ikadumu karibu miaka 20. Ida Pollock, aliyeishi hadi miaka 105, alikuwa Susan Barrie, Rose Burghley, Pamela Kent na wengine. Na wanaume wamo: Jessica Stirling, aliyependwa kwa riwaya za wanawake wa Uskoti, kwa sehemu kubwa alikuwa bwana mmoja wa Glasgow, Hugh C. Rae.

Nianze na kitabu gani?

Mistress of Mellyn. Ukikipenda, nenda The Legend of the Seventh Virgin, ambamo shujaa ana tamaa na makosa ya kweli. Anayependa historia aanze na Murder Most Royal. Wa Carr waanze na St. Bruno's, maana mfululizo huo ukiuingilia katikati utapotea kwenye ukoo. Na ukiwa kwenye meza ya vitabu vya mitumba, usitazame jina tu. Chungulia ukurasa wa hakimiliki, wakati mwingine majina mengine yametajwa hapo kwa herufi ndogo.

Alifariki wapi?

Baharini. Macho yalikuwa yamedhoofika, lakini majira ya baridi yalipofika alipanda meli kama kawaida yake. Tarehe 18 Januari 1993, akiwa na miaka 86, alifariki ndani ya Sea Princess, mahali fulani kati ya Athens na Port Said, akazikwa hukohuko baharini. Ibada ya kumkumbuka ilifanyika London mwezi Machi.

Mwaka huohuo Victoria Holt alitoa The Black Opal, na Jean Plaidy akatoa The Rose Without a Thorn. Philippa Carr alichelewa zaidi: kitabu chake cha mwisho kilifika madukani mwaka 1995.